Nikipata, Nitaenda

Najua nimeadimika. Wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimeolewa, wengine mkadhani bumu limenimaliza. Hapana jamani, mwenzenu nipo, hapahapa Tabora, hosteli ileile, kitanda kilekile cha juu chenye chaga iliyovunjika. Nilikuwa nimebanwa na neno moja tu: "kama". Leo nimekaa nimalize yote, kwa hiyo chukua chai yako, habari yenyewe ni ndefu.

Chanzo ni binti wa shangazi yangu aliyeko Minneapolis. Yeye anataka kusoma sheria, na kule Marekani sheria haisomwi kama digrii ya kwanza kama huku kwetu. Unamaliza kwanza digrii yoyote, hata ya muziki, halafu ndiyo unaomba shule ya sheria. Shule nyingi zinakuangalia kwa mtihani unaitwa LSAT. Unafanywa kwa kompyuta, kila sehemu dakika 35, na alama zinaanzia 120 hadi 180. Zamani kulikuwa na sehemu ya mafumbo ya kupanga watu kwenye viti na siku za wiki, ikaondolewa Agosti 2024. Sasa zinazohesabiwa ni sehemu mbili za kupima hoja na moja ya kusoma na kuelewa.

Basi binti shangazi akaniambia, "Na wewe si unamaliza digrii yako mwakani? Jaribu!" Mi nasoma ualimu, Historia na Kiswahili, mwaka wa pili huu. Sheria nilikuwa naipenda tangu sekondari, alama ndo hazikutosha. Nikajisemea, kumbe mlango haujafungwa! Siku hiyohiyo nikampigia mama simu Sikonge, nikamwambia: "Mama, kuna mtihani. Nikipata alama nzuri, nitaenda Marekani kusoma sheria."

Ikumbukeni sentensi hiyo. Tutairudia.

Mwenzangu wa chumbani anasoma sheria. Hosteli nzima tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hata akiomba chumvi anaanza na "kwa ruhusa yako". Nilipomweleza akacheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kwa nini nihangaike na mtihani wa Wamarekani wakati hapa nyumbani mtu anasoma digrii ya sheria, anakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007), halafu anaomba uwakili. Nikamwambia dada, wewe una digrii ya sheria mkononi, mimi sina. Kila mtu na njia yake.

Nikapakua maswali ya majaribio. Ya kupima hoja nikachagua 15 yenye "kama" na "basi" ndani yake. Unajua nilipata mangapi? Manne. MANNE! Mtu mwenye A ya Kiswahili. Nikafunga kompyuta nikaenda kula chipsi.

Kesho yake nikayarudia yale 11 niliyokosa, moja moja, bila saa. Hapo ndipo nikaona kitu cha ajabu: sikuwa nimekosa mara 11. Nilikuwa nimerudia makosa mawili tu, tena na tena, kila mara yamevaa nguo tofauti. Ngoja niwaonyeshe kwa lugha yetu ya chuo.

Chukua sentensi hii: "Kama bumu limeingia, basi foleni kwa wakala wa pesa inakuwa ndefu." Tukubaliane kwamba ni kweli (ni kweli!). Sasa kuna mambo manne unayoweza kuambiwa.

La kwanza: bumu limeingia. Basi foleni ni ndefu. Sawa kabisa.

La pili: foleni ni ndefu. Je, bumu limeingia? Hapa ndipo mwenzenu nilikuwa naanguka. Nilikuwa naona foleni nakimbilia kadi. Kumbe inaweza kuwa tarehe ya mishahara ya walimu, au wakala wa jirani hana salio, watu wote wamehamia kwa huyu. Foleni ndefu haikuambii chochote cha uhakika kuhusu bumu.

La tatu: bumu halijaingia. Je, foleni ni fupi? Hapana. Sababu ni zilezile za juu. Hili ni kosa la pili, ni ndugu wa lile la kwanza.

La nne: foleni si ndefu, hamna hata mtu. Basi bumu halijaingia. Hili ni sahihi, na ndilo wengi tunalisahau. Unageuza sentensi nyuma mbele na kukanusha pande zote mbili: hamna foleni, basi hamna bumu. Ukigeuza bila kukanusha, umekosea. Ukikanusha bila kugeuza, umekosea. Lazima ufanye yote mawili kwa pamoja.

Nikabandika ukutani: GEUZA NA KANUSHA. Mheshimiwa akadhani ni mahubiri.

Sasa kujua kanuni ni kitu kimoja, kuiona katikati ya aya ya Kiingereza kuhusu mikataba ya uvuvi wa Norway ni kitu kingine. Nikaendelea kukosa. Kilichonifungua kichwa hakikuwa kitabu bwana, kilikuwa miembe.

Jumamosi moja tukaenda Kwihara, mimi na Mheshimiwa, kwa miguu. Ni kama kilomita sita kutoka mjini. Wa Tabora mnapajua: lile tembe la Livingstone, nyumba ya udongo yenye kuta nene, sasa ni makumbusho. Unyanyembe yote hii ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857, wakapaita Kazeh. Pembe za ndovu zilipita hapa, watumwa walipita hapa, na Wanyamwezi wengi walibeba mizigo mpaka pwani na kurudi.

Njiani kuna miembe mikubwa. Nikaanza kujitia mwalimu wa historia: "Unaiona hii miembe? Hapa ndipo msafara ulipopita. Watu walikula maembe wakatupa kokwa." Nimeisikia hiyo tangu darasa la tatu, na nyinyi pia mmeisikia.

Mheshimiwa akasimama. "Kwa ruhusa yako. Kwetu Nzega nyuma ya shule ya msingi kuna miembe kama hii. Msafara ulipita chooni?"

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Si ndiyo foleni na bumu tena! Tunachosimuliwa ni kwamba kama msafara ulipita mahali kwa miaka mingi, basi miembe iliota. Mimi nikageuza bila kukanusha: kuna miembe, basi msafara ulipita. Mwembe asili yake ni India, umekuja huku na wageni, hilo sawa. Lakini ukishafika unapandwa na kila mtu: wamisionari, wakuu wa shule, bibi yangu. Mwembe peke yake si hati ya kiwanja cha msafara. Ukiupata pamoja na maandishi ya wasafiri, magofu ya tembe, na simulizi za wazee wa mahali hapo, hapo unaanza kuongea. Hata sentensi yenyewe ya mwanzo nayo inahitaji kuthibitishwa, sikuwahi kufikiria hilo!

Na jamani, hili mtihani wanalipenda sana. Wanakupa hoja yenye mwembe ndani yake, halafu wanauliza: ni kipi kati ya hivi kinaidhoofisha? Jibu huwa ni shule ya msingi ya Nzega.

Tulipofika kwenye tembe nikakaa kwenye kivuli nikamwambia Mheshimiwa, sasa nipe na lile kosa la pili, la kukanusha bila kugeuza. Akawaza, akakosa. Nikampa mimi, tena palepale tulipokaa pana habari yake.

Mwaka 1871 Stanley alifika hapa akimtafuta Livingstone. Njia ya kawaida ya kwenda Ujiji ilikuwa inapita magharibi, na wakati huo Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe. Njia ikafungwa. Stanley akajiunga na Waarabu kwenda kumpiga Mirambo, wakachapwa. Sasa weka sentensi: "Kama njia kuu iko wazi, msafara utafika Ujiji." Njia kuu haiko wazi. Basi msafara hautafika Ujiji? Watu wengi walimwambia hivyo. Lakini sentensi haisemi hivyo! Inakwambia nini kinatokea njia ikiwa wazi. Ikiwa imefungwa, imenyamaza. Stanley akashika njia ya kusini, akapita Ukonongo, akapanda tena kaskazini akavuka Malagarasi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Ujiji anamwamkia Livingstone.

Mheshimiwa akasema, "Kwa hiyo Stanley angefaulu LSAT." Nikamwambia sijui, huyu bwana alikuwa mkali mno kwa wapagazi wake, kufikiri vizuri na kutenda vizuri ni karatasi mbili tofauti.

Toka siku hiyo nikianza swali najiuliza tu: huu ni mwembe au ni Mirambo? Mwembe ni kugeuza bila kukanusha. Mirambo ni kukanusha bila kugeuza. Majina yangu haya hutayakuta kwenye kitabu chochote, ila yananisaidia kuliko ya kitabuni.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapa ndipo Mswahili anapata tabu zaidi, na sijaona mtu ameliandika.

Sisi tuna "-ki-". "Ukija utanikuta." Hiyo ni "kama utakuja" au ni "utakapokuja"? Ni vyote. Kiambishi kimoja kinabeba sharti na wakati kwa pamoja, na sikio letu limezoea kumwachia msemaji aamue. Mtihani hauachii. Kila nikisoma sentensi ya Kiingereza kichwani inageuka kuwa "-ki-" laini, na ile mipaka mikali inapotea. Kwa hiyo nimejilazimisha: hamna "-ki-" kwenye daftari la LSAT. Naandika "kama" na "basi", hata ikisikika kama kiapo cha mahakamani.

Halafu kuna neno "tu". Dogo, lakini linapindua gari. Soma hizi mbili:

Treni itaondoka kama injini imefika.

Treni itaondoka endapo tu injini imefika.

Ya kwanza inakuahidi: injini ikifika, treni inaondoka. Ya pili haikuahidi chochote! Inasema bila injini hamna safari, lakini injini inaweza kufika na bado mkakaa stesheni ya Tabora mpaka alfajiri mnasubiri behewa za Mpanda ziunganishwe. (Wa reli ya kati mnanielewa.) Kwa hiyo ya pili ukiiandika vizuri inakuwa: kama treni imeondoka, basi injini ilifika. Injini ni sharti la lazima, si sharti la kutosha. Kiingereza wanasema "only if", na mimi nilikuwa naisoma kama "if" ya kawaida, napita mbio. Maswali matatu kati ya yale 11 yalikufa hapo.

Na "unless" nayo. Nilikuwa naifasiri "isipokuwa" halafu nabaki nimeduwaa. Sasa naifasiri "kama si" na kusonga mbele. "Huingii chumba cha mtihani isipokuwa una kitambulisho." Yaani: kama huna kitambulisho, basi huingii. Geuza na kanusha: kama umeingia, basi una kitambulisho. Je, ukiwa na kitambulisho utaingia? Haijasemwa! Labda hujamaliza ada. Tumewaona wenzetu wana vitambulisho vinang'aa wamesimama nje ya mlango.

Kuna jambo moja nimelisoma likanifariji. Mwaka 1971 wanaisimu wawili, Geis na Zwicky, waliandika kwamba watu kwa kawaida wakisikia "kama" huwa wanaongezea "kama tu" kimoyomoyo. Mama akisema "ukiosha vyombo utaenda kucheza", mtoto anaelewa hapohapo kwamba asipoosha haendi. Mama hakusema hivyo, lakini ndivyo alivyokusudia, na mtoto anayejifanya mwanasheria hapo atachapwa. Kwa hiyo haya makosa yetu hayatoki kwenye ujinga. Ni adabu ya mazungumzo tunayoipeleka mahali isikotakiwa. Sokoni na nyumbani tunajaza yasiyosemwa, na tunapaswa kuyajaza. Kwenye karatasi ile unahesabu yaliyosemwa tu.

Nikafanya na utafiti wangu wa hosteli. Kuna jaribio maarufu la Peter Wason, Mwingereza, la mwaka 1966. Nikakata kadi nne kwenye boksi la biskuti. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Juu zinaonekana A, K, 4 na 7. Kanuni: kama upande mmoja kuna irabu, basi upande wa pili kuna namba shufwa. Ni kadi zipi LAZIMA uzifunue ili ujue kama kanuni imevunjwa? Nikawapa watu tisa. Saba wakasema A na 4. Mmoja akasema zote. Mmoja, anasoma hisabati na haongei na mtu, akasema A na 7. Yeye ndiye amepata. Hiyo 4 ni mwembe: nyuma yake kukiwa na K, kanuni haijavunjwa. Hiyo 7 ndiyo ya hatari, maana nyuma yake kukiwa na irabu kanuni imekufa. Kwenye majaribio ya Wason na waliomfuata mara nyingi hata mtu mmoja katika kumi hapati, kwa hiyo hosteli yetu tuko na dunia.

Halafu nikawageuzia. Nikasema: wewe ni mkagua tiketi kwenye treni ya Kigoma. Kanuni: kama abiria yuko behewa la kulala, basi lazima awe na tiketi ya kulala. Kuna watu wanne. Mmoja yuko behewa la kulala. Mmoja yuko daraja la tatu. Mmoja kakuonyesha tiketi ya kulala, na mmoja kakuonyesha tiketi ya daraja la tatu, hawa wawili hujui wamekaa wapi. Unawafuata nani? Wote tisa wakajibu bila kupepesa: wa behewa la kulala, na huyo mwenye tiketi ya daraja la tatu. Ni swali lilelile jamani! Ni kadi zilezile! Watafiti Griggs na Cox walionyesha jambo kama hili mwaka 1982 huko Florida, wao walitumia bia na umri wa mnywaji.

Nikajifunza kwamba akili yetu inajua kugeuza na kukanusha vizuri sana ikiwa kuna mtu anayetaka kutudanganya. Kwa hiyo sasa sentensi kavu yoyote naivalisha sare ya mkagua tiketi. Mikataba ya uvuvi wa Norway? Nani anajaribu kuingia behewa la kulala bila tiketi? Mara nyingi inafunguka.

Kwa wanaotaka ratiba yangu, ni hii. Nusu saa kila siku, si zaidi. Wiki mbili za kwanza sikutumia saa kabisa. Kila swali nililokosa naliandika kwenye daftari kwa mkono: sharti lilikuwa nini, matokeo nini, na mimi niligeuza wapi. Halafu natunga swali lilelile kwa mambo ya hapa Tabora. Kila Jumapili narudia ya wiki nzima. Baada ya wiki sita nikachukua maswali 15 mapya ya aina ileile. Nikapata 11. Nikapiga kelele mpaka matroni akaja.

Na hapo, nikiwa na furaha yangu, ndipo nikaikumbuka ile sentensi.

"Nikipata alama nzuri, nitaenda Marekani."

Niliiandika kwenye daftari kama swali. Kama nimepata alama nzuri, basi naenda Marekani. Ni kweli? Ukweli ni kwamba: kama nimeenda Marekani kusoma sheria kwa njia hii, basi nilikuwa na alama za kutosha. Alama ni injini tu. Bado kuna shule kunikubali. Kuna ada ya miaka mitatu ambayo hata nikiuza ukoo mzima haifiki. Kuna ufadhili, ambao wanaopewa ni wachache. Kuna viza. Mimi nilimpa mama sentensi ya kwanza ya treni wakati yenye ukweli ni ya pili. Sikudanganya kwa makusudi, nilikuwa na furaha. Lakini mama hakusikia furaha, alisikia ahadi.

Na mama alikuwa ameshaanza kutekeleza. Yeye anauza asali. Msimu huu ilitoka vizuri, na ile pesa ilikuwa ya mabati, maana nyumba ya nyuma imeezekwa nyasi na mvua ya mwaka jana iliingia mpaka kitandani kwa bibi. Mdogo wangu akaniambia kwenye simu: mama kasema mabati yasubiri, kuna mtihani wa dada. Ada ya LSAT ni zaidi ya dola 200, hiyo ni zaidi ya laki tano za kwetu. Na kwenye jumuiya wameshaanza kumwita mama wakili.

Nikalala vibaya usiku ule. Ijumaa nikapanda basi la Sikonge, kilomita 70 hivi. Sikutaka kusema kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja bila taarifa, kuna nini? Chuo kimefungwa?"

"Hakijafungwa. Nimekuja tuongee kuhusu ule mtihani."

Akaendelea kuchuja asali. Nikamweleza yote. Nikajaribu kwa mfano wa treni, nikaona unamchosha. Nikasema tu: "Mama, nilisema nikipata nitaenda. Nilikosea kusema. Nisipopata siendi, hiyo ni kweli. Ila naweza kupata na bado nisiende. Watu wengi tu wanapata na hawaendi."

Akanyamaza muda. Halafu akaniuliza: "Mzinga ukitundikwa, nyuki wanaingia?"

"Wakati mwingine."

"Wakiingia, asali inapatikana?"

"Si lazima. Wanaweza kuhama."

"Umeshaona asali kwenye mzinga ambao nyuki hawajaingia?"

"Hapana mama."

"Basi hicho unachonieleza mimi nakijua tangu hujazaliwa. Ulidhani nilisikia nini?" Halafu akacheka kidogo, lakini si kicheko cha furaha sana. "Ila ungeniambia mapema. Nimeshawaambia watu."

Hilo la "nimeshawaambia watu" liliniuma kuliko angenigombeza.

Tukakaa mpaka giza likaingia. Akanihesabia, kama anavyohesabu mizinga: ametundika mingapi, iliyoingia nyuki ni mingapi, iliyotoa asali ni mingapi. Hatundiki mzinga mmoja akaukalia chini. Akaniuliza ualimu wangu uko wapi. Nikamwambia uko palepale, namaliza mwakani. Akaniuliza kama ule mtihani una mwisho. Nikamwambia unafanyika mara kadhaa kila mwaka, haukimbii. Akasema basi bibi yako kwanza asilowe.

Kwa hiyo, wapendwa, habari ndiyo hiyo. Mabati yamenunuliwa, nilisaidia kuyashusha mwenyewe, vidole bado vina michubuko. LSAT sijajiandikisha. Nitamaliza digrii, nitafundisha masomo ya ziada, na ada ya mtihani nitaitoa mfukoni mwangu. Nikishapata alama nitaanza kuhangaikia hayo mengine, moja baada ya moja. Labda sitaenda. Mheshimiwa ameshaniambia kwamba hata hapa nchini mwenye digrii ya ualimu anaweza kuomba kusoma digrii ya sheria, na huo nao ni mzinga. Nusu saa yangu ya kila siku naendelea nayo, maana kusema kweli nimeipenda. Jana nimesoma tangazo la uongozi wa hosteli kuhusu maji nikagundua halijaahidi maji hata kidogo!

Nilipita tena Kwihara wiki iliyopita. Nilikuwa namfikiria Livingstone alivyokaa pale mwaka 1872, Stanley ameshaondoka Machi, yeye anasubiri wapagazi kutoka pwani. Bila wao haendi popote. Wakafika Agosti, na tarehe 25 akaondoka nao kutafuta chanzo cha Nile. Hakukipata. Mwaka uliofuata alifariki, na wasaidizi wake, akina Susi na Chuma, wakaubeba mwili wake wakapita hapahapa Unyanyembe kuurudisha pwani. Wapagazi walikuwa sharti la lazima, hawakuwa sharti la kutosha. Nilikaa pale kivulini muda mrefu kidogo, halafu nikarudi kupika.

Haya, nawaachia zoezi. Mheshimiwa kasema: "Nitakuja harusini kwako endapo tu utanialika." Nimemwalika. Je, atakuja? Na kama harusini simwoni, nijue nini?

Mwenye jibu anione kwa mama chapati Jumatatu. Atakayesema "atakuja" ananunua chai.